Mrejesho: cheni iliyokuwa inaruka

Wakuu habari, nilileta swali la baiskeli yangu, mauntenibaiki ya gia 7 nyuma, cheni inaruka nikikanyaga kwa nguvu kupandisha kilima pale Mikindani. Kaka aliyesema nipime cheni kwa rula asante sana aisee, pini ya kwanza hadi ya 25 inatakiwa iwe inchi 12 kamili, yangu imezidi milimita 3, yaani imeshalika! Fundi akataka kuniuzia cheni tu nikakataa, maana meno ya nyuma yalishalika na cheni mpya ingeruka vilevile, nikanunua vyote viwili, cheni na meno ya nyuma. Sasa iko kimya kabisa. Chumvi ya bahari huku Mtwara inakula chuma, kwa hiyo kila wiki nafuta cheni, naweka oili kidogo, inayozidi naifuta.