Programu ya kubadilishia picha za kurasa tumeuziwa, mwongozo wake ni matusi

Katibu wa Mwaloni

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, kwa sababu jambo lenyewe limetokea asubuhi hii mbele ya wajumbe wa kamati. Yule bwana mnamjua. Simtaji, lakini yeyote aliyewahi kutengenezewa kitu cha kompyuta hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Nyegezi, anamjua, na wengi wenu bado mnamdai.

Sisi watu wa dagaa tuna kurasa za Facebook za mialo kadhaa, na picha zake hubadilika kila mwezi: giza la mwezi likiingia, dagaa wanapovuliwa kwa taa, tunaweka mitumbwi na taa ili wateja wajue mzigo unakuja, na mbalamwezi ikiwaka tunaweka tangazo kwamba wavuvi wamepumzika. Ni yeye aliyetuambia kwamba kubadilisha ukurasa mmoja mmoja kwa mkono ni ushamba, akatuuzia programu ya kubadilisha picha zote kwa mpigo. Tukalipa, tukaomba mwongozo, ukaja karatasi moja ambayo nusu yake ni jina lake na namba zake za simu.

Nawanukulia hatua ya nne kama ilivyo: “Weka tokeni, kisha endelea kama kawaida.” Kawaida ya nani? Tokeni ipi, inaombwa wapi, inakufa lini, hakuna hata neno. Mfano wake wa anwani ya picha unaelekeza kwenye faili lililo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, linaloitwa “mpya_mpya_kabisa_2”. Kitufe cha kubonyeza amekionyesha kwa kupiga kioo cha kompyuta picha kwa simu, na mwanga wa taa ya chumbani kwake umeangukia juu ya kitufe hichohicho, kiasi kwamba tunaona kila kitu, pamoja na kidole gumba chake, isipokuwa kile tulichotakiwa kukiona.

Leo giza limeingia, dagaa wamejaa kwenye chanja hadi ndege wamenenepa wakashindwa kuruka, na kurasa zetu zote bado zinatangaza mbalamwezi. Wateja wa Kongo wanatupigia simu kutupa pole. Nikamuuliza kwa adabu zote, naye akanijibu mbele ya mwenyekiti: “Mwongozo niliandika, labda tatizo ni msomaji.”

Labda tatizo ni msomaji! Mimi, ninayesoma mihtasari ya vikao ambavyo hata waliovihudhuria wamevisahau! Mwenyekiti akacheka. Mweka hazina akakohoa ndani ya kikombe cha chai, na kikohozi kile nakifahamu. Msomaji, wakuu. Msomaji.

Mtoto wa Igogo

Pole sana, Katibu. Je, umejaribu kuingiza ile tokeni ya LUKU yenye tarakimu 20? Huenda ukurasa wenu umeishiwa umeme.

Sato Mbichi

Mimi nimesoma malalamiko yote na bado sijaelewa kwa nini usingebonyeza picha kwa kidole ukaibadilisha, kama wafanyavyo shangazi zetu wote bila mwongozo wala kamati. Naanza kuona kwamba yule bwana hakukosea sana kuhusu msomaji.

Katibu wa Mwaloni

Ndugu Sato, kurasa ni nyingi, nimeeleza hapo juu. Umesoma kweli?

Sato Mbichi

Labda tatizo ni msomaji.

Fundi wa Kamanga

Ndugu zangu, kilichokosekana katika hatua hiyo ya nne kingeandikwa kwa sentensi chache. Programu ya aina hii huzungumza na Facebook kupitia Graph API, yaani mlango wa Facebook wa kupitishia programu za nje, nao haukubali picha ya ukurasa ibadilishwe kwa tokeni (ufunguo wa siri wa kuingilia) ya mtumiaji, bali hudai ya ukurasa wenyewe. Tokeni fupi ya mtumiaji hufa baada ya saa moja au mbili, ile ndefu hukaa takriban siku 60, na ukiitumia hiyo ndefu kuombea tokeni ya ukurasa, utapewa isiyo na tarehe ya mwisho. Anwani ya picha nayo lazima ifikike kwa intaneti. Faili la kwenye kompyuta ya mtu aliyelala Buzuruga halifikiki.

Katibu wa Mwaloni

Nakushukuru, mkuu, na nitajaribu. Hata hivyo, angeweza kusema tatizo ni mtandao, tatizo ni Facebook, hata angesema tatizo ni mbu. Amesema msomaji, na mwenyekiti amecheka.

Bi Nyamanoro

Ninyi mna bahati, kwa sababu picha zenu hazibadiliki. Yetu ilibadilishwa na bwana huyohuyo, na mwenyekiti wetu wa kikundi akakatwa kichwa. Kwenye kompyuta alionekana vizuri. Kwenye simu limebaki bega moja na shada la maua, na watu wakaanza kuuliza msiba uko wapi.

Fundi wa Kamanga

Dada, picha ya juu ya ukurasa huonyeshwa pana zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu, hivyo simu hukata pembeni. Mwenyekiti awekwe katikati.

Bi Nyamanoro

Alikuwa pembeni kwa sababu katikati alisimama mgeni rasmi. Nani angemsogeza mgeni rasmi?

Mtoto wa Igogo

Afadhali mwenyekiti kuliko Bismarck, lile jiwe letu maarufu la ziwani. Kila ukurasa wa jiji hili, uwe wa saluni, wa vifaranga au wa kukodisha maturubai, umeweka jiwe lilelile, na kwa kuwa picha ya wasifu hukatwa duara, linabaki jiwe moja la juu linaloonekana kama kiazi. Nilifuata ukurasa nikidhani ni wa utalii, nimeuziwa pumba za kuku.

Sato Mbichi

Pumba zilikuwa bei gani?

Mtoto wa Igogo

Nzuri tu. Nitakutumia ukurasa wao. Ni ule wenye Bismarck.

Bi Nyamanoro

Ule wenye Bismarck upi? Na kama kuna mwenye picha ya jiwe hilo isiyo na bwana harusi aliyesimama mbele yake, naiomba, maana mwenyekiti amekataa kupigwa nyingine.