Kikundi: Ukoo wa Nyanya (Idd)

Khala Saumu, 20:02
Asalaam aleikum jamaa. Idd pili twende Mama Ngina Waterfront sote, alasiri mapema, kabla hapajajaa. Nataka majina leo.

Khala Saumu, 20:04
Tutakaa kwenye zile ngazi za ukumbi wa wazi, tutazame meli zikiingia Kilindini. Watoto wapate pa kukimbia.

Khala Saumu, 20:50
Naona mmesoma.

Rama, 21:15
Niko, kama kuna biriani

Zuhura, 21:16
Idd iliyopita ulikula sahani ya watu watatu 😂

Rama, 21:16
Wawili. Wa tatu alikuwa amelala

Khala Saumu, 21:18
Biriani baadaye! Mikeka kwa nani? Ami, gari lako limchukue Nyanya.

Mjomba, 21:40
Siku ya Idd pale hapapitiki. Twendeni Fort Jesus.

Zuhura, 22:05
Kwani Nyanya amekubali? Tangu 2019 hajatia mguu.

Khala Saumu, 22:06
Zuhura, hayo si ya hapa.

Zuhura, 22:09
Ni ya hapa, khala. Miaka yote kauza mihogo chini ya mbuyu. Ukarabati ulipoanza wakatolewa, wakaahidiwa vibanda. Milioni 460 zikatumika, Oktoba sherehe ya Siku ya Mashujaa ikafanywa papo hapo, Rais akaja. Jina la Nyanya halikuonekana. Orodha ilipelekwa na nani?

Ami, 22:31
Tusianze.

Rama, 22:32
Mihogo lakini itakuwepo?

Khala Saumu, 22:32
RAMA.

Nyanya, 05:48
🎤 0:51

Khala Saumu, 06:20
Kwa ambao sauti haifunguki, Nyanya asema: "Bahari sikugombana nayo. Nimeona pichani, pamependeza, na watoto wa watu wamepata pa kupumzika. Nitakwenda. Ila ngazini sikai, nitakaa mbuyuni pangu. Na aliyepeleka orodha aje akae mkekani nami, anieleze."

Mjomba, 06:55
Labeka mama. Basi ni Mama Ngina.

Khala Saumu, 09:30
Ami, umesikia?

Khala Saumu, 11:10
Ami. Na mikeka bado haina mtu.

Ami, 13:52
Gari liko gereji.

Zuhura, 13:53
Jana ulikuwa nalo Nyali.

Khala Saumu, 13:55
Nitamkodia Nyanya tuktuk, gari si neno. Lakini wewe utakuja?

Halima, 18:20
Ndio naona sasa hivi. Ni Idd mosi au pili?