Msaada: viatu vya kutembelea safari ya Umra, namba 39, visibane

Mtu_wa_Kikwajuni
Asalaam alaykum wanabaraza. Nisaidieni kwa haraka maana nimechoka. Natafuta viatu vya kutembelea kwa safari ya Umra. Sitaki makubwa: visibane, soli iwe laini, visikatike njiani. Nimezunguka Darajani mpaka Mlandege, kila duka naambiwa "hiki ndicho chenyewe mkubwa", ukikiminya kigumu kama ubao. Mtumba mzuri upo, ila unakuta mguu mmoja 39 na mwenzake 40. Vipya vinanuka gundi mpaka macho yanawasha. Kuna vimoja nimevipenda, vyeusi, havina kamba, elfu 85. Muuzaji anasema vikibana vitatanuka vyenyewe mguuni. Ni kweli? Namba 39. Safari haiko mbali.

KaaLaPwani
Wa alaykumu salaam. Vikibana viwache hapohapo. Kiatu cha ngozi kinatanuka kidogo kwa upana, kwa urefu hakitanuki hata ukilala nacho. Hivyo vya plastiki ndio kabisa. Na usende dukani asubuhi. Nenda baada ya laasiri, mguu ushavimba kwa kutwa, maana kwenye ndege utavimba zaidi. Kijaribu umesimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

BabuMakubadhi
Wazee wetu wamekwenda Makka na makubadhi ya kushonwa hapahapa mjini na wamerudi wazima. Siku hizi mtu anataka kiatu kinachomkanda. Ibada ina mashaka yake, mwanangu, ukiyaondoa yote unabaki na matembezi.

Tomondo_2
Babu, makubadhi yale yalikuwa yanachubua mpaka unaomba radhi.

MpendaHaki
Mimi nina swali. Kwenye ihramu si hairuhusiwi kiatu cha kufunika? Mleta uzi asije akatozwa fidia kwa ajili ya viatu vya elfu 85.

BintiMicheweni
Mwanamme ndiye asiyefunika vifundo vya miguu. Mwanamke anavaa viatu vyake na soksi zake kama kawaida. Hapo nami nauliza: mleta uzi ni mwanamme au mwanamke? Mwanamme wa namba 39 mguu wake umebaki skuli.

Mtu_wa_Kikwajuni
Ni mwanamme. Viatu si vyangu, ni vya mtu mzima mmoja wa kike. Tuendelee na viatu tafadhali.

KaaLaPwani
Basi mchukue huyo mtu mzima uende naye dukani. Uzi umekwisha.

Mtu_wa_Kikwajuni
Yupo Wete, mimi nipo Unguja. Na ni mkwe wangu, mama wa mke wangu. Naanzaje kumwambia mkwe atoe mguu nimpime? Namba nimeikisia kwa ndara zake. Idi Kubwa iliyopita zilikuwa mlangoni, watu wote wako ndani wanakula, nikachutama nikazipima: shibiri moja na vidole viwili.

Tomondo_2
Wallahi nimecheka peke yangu kwenye daladala. Mtu angetoka akamkuta mkwe mwanamme anashibiri ndara za mkwewe!

FundiWaSoli
Tuache mzaha kidogo. Ndara haina ushahidi, watu hununua ndara kubwa makusudi. Na shibiri ni ya nani? Namba za Ulaya, hizo 39 na 40, kila namba inapanda theluthi mbili za sentimita. Ukikosea sentimita moja ushakosea namba moja na nusu. Mwambie mtu wa kule amsimamishe juu ya karatasi, asikae, penseli iwe wima isilale, achore mguu wote. Miguu yote miwili, halafu unafuata ule mkubwa. Apime kutoka kisiginoni mpaka kidole kirefu, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Na aangalie upana. Watu wazima wengi pale kwenye fundo la kidole gumba mfupa umetoka nje, kiatu cha mbele nyembamba kitamuua. Mke wako si yupo? Amchoree mamake.

BintiMicheweni
Na vilivyokaa sana dukani usivitazame. Mimi nilipata raba mtumba, soli nzima, unaweza kusema haijawahi kugusa ardhi. Nilishuka nazo botini Mkoani, nikasikia mtoto wa watu nyuma yangu anasema "mama, yule bibi anamwaga makombo". Kugeuka, kumbe soli yangu ndiyo inamegeka, vipande vyeupe vimenifuata tangu ngazini. Nimefika kwenye gari navaa juu tu, chini napapasa sakafu. Zile soli za povu huoza kwa unyevu na joto hata kama hazikuvaliwa, na sisi unyevu ndio tunaolala nao. Kabla ya kutoa pesa bonyeza ukucha ubavuni mwa soli. Ikimegeka au ikinata, rudisha.

NesiMstaafu
Hakuna aliyeuliza la maana. Huyo mama ana sukari? Mwenye sukari ya muda mrefu miguu inaweza kufa ganzi, akapata lengelenge asilihisi, likawa kidonda. Kama anayo, kila siku atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa, na usiku akaguliwe nyayo.

Mtu_wa_Kikwajuni
Sijui. Nadhani ni presha tu.

NesiMstaafu
Namba ya ndara zake unaijua, maradhi yake huyajui.

Ziara2023
Mimi nimekwenda mwaka 2023, nikwambieni kitu. Viatu mnavyobishania hapa msikitini vinavuliwa. Tawafu mizunguko 7, kisha Safa na Marwa mara 7, jumla yake inapita kilomita 3, na zote hizo watu wengi wanazitembea miguu chini au na soksi, juu ya marumaru. Kwa hiyo kwanza mnunulie soksi nene zenye vidoti vya mpira chini, asiteleze. Viatu ni vya kutoka hoteli kwenda na kurudi, na ziara za Madina, Quba na Uhud. Viwe vyepesi, vya kuvua bila kuinama, na awe na mfuko wa kuvibebea. Shoga yangu aliviweka kwenye rafu, akatokea mlango mwingine, msikiti ule ulivyo mkubwa hakuviona tena. Karudi hoteli miguu mitupu kwenye lami, anaruka kivuli hadi kivuli.

KaaLaPwani
Narudia suali la fundi maana limerukwa. Mke wako yuko wapi?

Mtu_wa_Kikwajuni
Kenda kwao kupumzika.

KaaLaPwani
Tangu lini?

Mtu_wa_Kikwajuni
Tangu Maulidi. Yuko hukohuko Wete, nyumba moja na mamake. Hatukugombana, tulitofautiana kauli. Simu yangu hapokei. Mama ndiye mtu pekee anayemsikiliza, na mama anasafiri. Ndio maana nataka viatu viwe vya maana, si vya kubahatisha. Na msiniambie habari ya kuviacha, arbuni nishatoa elfu 40. Vile ni vizuri, nyie hamjaviona.

Tomondo_2
Kumbe tunachagua viatu vya kusuluhishia ndoa! Hapo namba 39 haitoshi, tafuta 52.

BabuMakubadhi
Mwanangu, mke haitwi kwa kiatu cha mamake. Panda boti. Chukua mtu mzima wa kwenu mwende, mkae, yasemwe. Nilipokuwa kijana mke wangu alirudi kwao Kojani nikamfuata na dau, bahari ya kusi, nimefika nimelowa mpaka kofia. Mkwe alinitazama akasema "kabadilishe nguo ule". Mazungumzo yakaisha hapo.

MpendaHaki
Tena arbuni ya elfu 40 kwa kiatu ambacho mvaaji hajakigusa! Pesa ya nauli ya boti hiyo.

KachoriBaridi
Subirini. Huyu si ndiye aliyeandika humu Rajabu iliyopita kuwa hajapata kuoa, anauliza wapi Pemba atapata mke mwenye heshima? Fungueni posti zake za nyuma.

Tomondo_2
Nimefungua. Ipo! "Mimi kijana sijaoa, nina duka dogo."

MpendaHaki
Duka la nini? Duka la viatu? Basi tumepatikana. Posti ya kwanza tu kataja rangi, bei na "havina kamba". Hili tangazo, wakubwa.

Mtu_wa_Kikwajuni
Posti ile aliandika mdogo wangu, akaunti tulikuwa tunatumia sote. Duka ni lake, anauza vocha na juisi. Na muuza viatu gani atakayesema viatu vinanuka gundi mpaka macho yanawasha?

KachoriBaridi
Muuzaji hodari ndiye anayesema hivyo, akisema vya wenzake.

BintiMicheweni
Mimi namuamini. Mtu hatungi habari ya kushibiri ndara.

Ziara2023
Katunga hakutunga, mimi nishamsimamisha mama yangu kwenye karatasi jana usiku. Mguu wa kulia umepita wa kushoto karibu sentimita nzima, na miaka yote anajaribu kwa kushoto dukani. Ndio maana kila kiatu anakivua akifika kwa jirani. Fundi, Mungu akuweke.

Mtu_wa_Kikwajuni
Haya. Nimemtuma mdogo wa mke wangu, kijana wa skuli, kampima mama kwa kusema ni kazi ya hesabu. Kulia sentimita 25 na nusu, kushoto 25. Mama kauliza mwalimu gani huyo anayetaka miguu ya watu wazima. Dukani 39 hapana tena, imebaki 41 ya kahawia, na jamaa anasema arbuni hairudi.

FundiWaSoli
Kwa 25 na nusu, na soksi nene, 41 itamkaa. Kama fundo la kidole halijabanwa, chukua ya kahawia usahau rangi. 39 angefika nayo uwanja wa ndege tu. Na arbuni usiiogope, wewe hukuvunja mauzo, umebadilisha saizi. Mwambie aihamishie kwenye hiyo 41.

BabuMakubadhi
Ukienda dukani kesho niite, nipo jirani. Mbele ya mzee arbuni huwa inarudi.

KachoriBaridi
Picha ya hiyo karatasi iko wapi?

Mtu_wa_Kikwajuni
Kijana kaandikia hesabu nyuma yake, kaipeleka skuli kweli.

NesiMstaafu
Na sukari je? Umemuuliza huyo kijana?

Mtu_wa_Kikwajuni
Anasema mama anakunywa vidonge viwili asubuhi. Kimoja cha presha. Cha pili hajui.

NesiMstaafu
Mwambie asome jina kwenye pakiti, aliandike kama lilivyo, uniwekee hapa leo leo.