Uingereza: Ejensi wanasema wiki 12 zinaanza upya kwa kuwa nimehamishwa upande wa pili wa ghala. Ni haki?

Mwana wa Muheza
Wakuu, habari za jioni. Niko Northampton, nafanya kazi ghalani kupitia ejensi, naokota oda na kuzipanga kwenye paleti. Kibali cha kazi ninacho, hapo hakuna tatizo. Walioajiriwa na kampuni yenyewe tunabeba nao maboksi yaleyale, usiku uleule, lakini wananizidi zaidi ya pauni moja kwa saa na wana nyongeza ya usiku ambayo sisi hatuioni. Niliambiwa nikifikisha wiki 12 tutalingana. Nilipokaribia, supavaiza akanihamishia upande wa pili wa ghala hilohilo. Skana ileile, kazi ileile, bidhaa tu ndizo tofauti. Sasa ejensi wananiambia kwa simu kwamba hesabu imeanza upya. Hakuna barua wala meseji. Nikikazana naogopa kukosa shifti, na nina familia. Mwenye uelewa anisaidie.

BintiPangani
Pole sana kaka. Kwa ulivyoeleza, hawana haki. Sheria inaitwa Agency Workers Regulations 2010, ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011. Ili hesabu ianze upya mahali palepale, kazi mpya lazima iwe tofauti kabisa na ya mwanzo, na ejensi wakuarifu kwa maandishi kuwa ni kazi gani. Kutoka kuokota viatu kwenda kuokota vyombo si kazi nyingine.

Jua pia kwamba wiki uliyofanya hata saa chache ni wiki kamili. Ukikosa shifti kwa muda usiozidi wiki sita, hesabu inasimama na kuendelea pale ilipoishia. Wengi wanadanganywa hapo.

Mzee wa Leicester
Dada kasema kweli. Niongeze ili kijana asiende na matumaini yasiyo sahihi. Baada ya wiki 12 unadai mshahara wa msingi, ovataimu, nyongeza ya usiku na likizo kama angekuajiri mwenye ghala moja kwa moja. Malipo ya ugonjwa ya kampuni na pensheni ya kampuni hayamo. Wingi wa saa pia haumo: Mahakama ya Rufaa ilisema hivyo mwaka 2019 kwenye kesi ya Kocur, mfanyakazi wa ejensi ya Royal Mail, shirika la posta la huko. Yaani wanaweza kukulipa sawa kwa saa, bado wakakupa saa chache. Linaniuma, lakini ndivyo lilivyo.

Kantini, maegesho na kutangaziwa nafasi za ajira ni haki yako tangu siku ya kwanza, usisubiri wiki 12.

Kifaru75
Mkuu, achana na sheria. Ukidai tu, simu ya shifti haiji tena. Tafuta ejensi nyingine.

BintiPangani
Kifaru, hofu yako naielewa na imewapata wengi. Lakini kumwadhibu mtu kwa sababu amedai haki hii nako kumekatazwa na sheria hiyohiyo. Ugumu uko kwenye ushahidi, ndiyo maana nasema mambo yote yawe kwa maandishi. Akihamia ejensi nyingine na ghala jingine anaanza wiki ya kwanza, na hicho ndicho wanachokitaka.

Kaka, waandikie ejensi barua pepe leo. Taja tarehe uliyoanza, ghala, kazi unayofanya, kisha uombe maelezo ya maandishi ya malipo na masharti ya mwajiriwa anayefanya kazi kama yako. Wana siku 28 za kujibu. Zikipita siku 30 kimya, mwandikie mwenye ghala mwenyewe, naye ana siku 28. Kama kuna mwenzako aliyekuonyesha hati yake ya mshahara, usimtaje, usimponze.

Mwana wa Muheza
Asante sana dada, asante mzee. Mimi silipwi na ejensi moja kwa moja, hela inapitia kampuni nyingine ya katikati inayokata makato yake. Hilo linaniondoa kwenye sheria?

Mzee wa Leicester
Halikuondoi. Hata ule mwanya wa zamani, wa kukusainisha mkataba wa kudumu na ejensi ili usilipwe sawa, ulifutwa tarehe 6 Aprili 2020. Akikwambia mtu umesaini karatasi ya namna hiyo, mwambie haifanyi kazi tena.

Ila usingoje barua zote zijibiwe ndipo utafute msaada. Muda wa kufungua madai ni mfupi na unaanza kwenda tangu ulipopunjwa. Piga ACAS, chombo cha ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, wiki hii; ushauri wao ni bure, na lazima upitie kwao kwa usuluhishi kabla ya Employment Tribunal, yaani mahakama ya kazi. Huko nako hulipi ada, zilifutwa mwaka 2017. Mahakama ikiona ulihamishwahamishwa makusudi usifikishe wiki 12, inaweza kukuongezea fidia ya hadi pauni 5,000.

BintiPangani
Na hati za mshahara, ratiba za shifti na meseji za supavaiza zipige picha uzihifadhi kwenye barua pepe yako binafsi. App ya ejensi wanaweza kuifunga muda wowote. Kama Kiingereza cha barua kinakupa shida, nitumie rasimu PM niipitie kabla hujaituma.