Tupeane uzoefu: Ulikutana wapi na fundisho kwamba roho ilikuwapo kabla ya mwili?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane namna kila mmoja alivyokutana na fundisho hili, na swali lililombakia moyoni.

Mimi nililisikia darsani, katika tafsiri ya aya ya 172 ya Sura Al-A'raf, ambapo Mwenyezi Mungu anawatoa wazao wa Adamu migongoni mwa wazazi wao, anawauliza kama Yeye si Mola wao, nao wanakiri. Ustadhi alitueleza kwamba mwanazuoni Ibn Hazm wa Andalusia (Hispania ya Waislamu) alishikilia kuwa roho zote ziliumbwa kabla ya miili, ilhali mwanazuoni mwingine, Ibn al-Qayyim, aliipinga rai hiyo, akitegemea hadithi ya malaika anayetumwa kumpulizia roho mtoto aliye tumboni. Wapo pia wanaosema aya inaeleza fitra, yaani maumbile ya kumjua Mungu ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Mimi kilichonishughulisha ni hiki: ahadi nisiyoikumbuka inanifungaje?

Mchangiaji wa kwanza
Ahsante, ndugu mtoa mada. Mimi ni Mkristo, na mdogo wangu alizaliwa kiziwi, kwa hiyo nilipomsoma Origen wa Alexandria, mwanatheolojia wa Kikristo, sikusoma kama mwanafunzi tu. Origen, aliyeishi karne ya 3, aliona watu wanazaliwa katika hali zisizolingana, akasema roho zilikuwapo kabla, zikamwacha Mungu kwa hiari yao, na kila moja ikapata hali inayoistahili. Alitaka kuitetea haki ya Mungu, nami namheshimu kwa hilo, lakini hoja yake inamrudishia mtoto lawama. Katika Yohana 9 wanafunzi wanauliza kama kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake mwenyewe, na Yesu anakataa. Mwaka 543 Kaisari Justinian aliyalaani mafundisho hayo ya Origen kwa amri. Kwangu mimi jibu lile la Yesu lilitosha.

Mchangiaji wa pili
Nafundisha hisabati sekondari. Katika majadiliano ya mwanafalsafa Mgiriki Plato yaitwayo Menon, mwalimu wake Sokrate anamtaka kijana mtumwa asiyesoma atafute mraba wenye eneo mara mbili ya ule aliochorewa. Kijana anaurefusha upande mara mbili, eneo linakuwa mara nne, na wanafunzi wangu wengi huanza hivyo hivyo. Mwishoni, kwa kuulizwa tu, anaufikia ulalo, yaani mstari wa kona hadi kona, ambao ndio upande wa mraba unaotafutwa. Plato anasema roho yake ilikuwa inakumbuka iliyoyajua kabla ya kuzaliwa. Mimi naona maswali ya Sokrate yalimwongoza mno, lakini linganisheni na swali la mtoa mada: kwa Plato roho inaweza kuyakumbuka ya awali, ilhali ahadi ya Al-A'raf inadaiwa kwa mtu asiyeikumbuka kabisa.