Msaada wakuu: kanuni mpya za kutambua mapato 2027, tuanzie wapi?

Mhasibu_Mafiati:
Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu wa fani.

Niko Mbeya, mhasibu wa kampuni inayouza pampu za umeme wa jua, pawatila na mashine za kupukuchua mahindi. Wateja wetu wengi ni wakulima wa mpunga Mbarali, vyama vya ushirika (AMCOS) vya kahawa Mbozi, na wenye maduka ya pembejeo kuanzia Tunduma mpaka Makambako. Hesabu zetu tunaziandaa kwa IFRS for SMEs, yaani viwango vya kimataifa vya hesabu kwa kampuni ndogo na za kati. Mkaguzi ametukumbusha kuwa toleo la tatu, lililotoka Februari 2025, linaanza kutumika kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027 au baada ya hapo, na kwamba Sehemu ya 23 inayohusu mapato imeandikwa upya kwa msingi wa IFRS 15, kile kiwango cha mapato cha kampuni kubwa.

Mkurugenzi amenikabidhi kazi ya kuiandaa kampuni. Yeye anataka tununue programu mpya ya hesabu, lakini mimi moyo unasita. Mpaka leo, mzigo ukishatoka stoo na ankara ikatolewa, mauzo yote yanaingia siku hiyo hiyo. Sasa pampu tunaiuza bei moja, na ndani yake kuna kufunga na huduma ya miaka miwili. Wakulima nao wanatanguliza pesa kabla mzigo haujafika kutoka Dar. Tena kuna vipuri tunavyowapa wenye maduka kwa mali kauli. Naombeni mwongozo.

Ledja_Kuu:
Marahaba mdogo wangu. Mwambie mkurugenzi programu isubiri. Kwanza kusanya mikataba, profoma, delivari noti na hata meseji za WhatsApp ambazo watu wa mauzo wanawaandikia wateja. Kanuni hii inauliza mlimwahidi nini mteja, na jibu la hapo kompyuta haina.

Njia yenyewe ina hatua tano: tambua mkataba, tambua ahadi zilizomo, pata bei, igawe kwa kila ahadi, kisha ingiza mapato kila ahadi inapotimia. Chukua hiyo pampu yenu. Tuseme mnaiuza 12,000,000 bila VAT. Mngeuza kila kitu peke yake, pampu ingekuwa 10,000,000, kufunga 1,000,000, na huduma ya miaka miwili 1,500,000. Jumla ni 12,500,000, maana yake mteja amepata punguzo la asilimia 4 kwenye kila kipande. Kwa hiyo pampu inabeba 9,600,000, kufunga 960,000 na huduma 1,440,000.

Pampu ikishakuwa mikononi mwa mteja, ingiza 9,600,000. Fundi akimaliza kufunga, ingiza 960,000. Ile 1,440,000 inakaa upande wa madeni na inaingia kwenye mapato 60,000 kila mwezi kwa miezi 24. Hapa nimechukulia kwamba fundi yeyote wa Rujewa anaweza kuifunga pampu hiyo. Kama ni mtambo usiofanya kazi mpaka ninyi wenyewe muusanifu na kuuunganisha, pampu na kufunga ni ahadi moja, usizitenganishe.

Usichanganye huduma na dhamana. Dhamana ya kwamba pampu haina ubovu wa kiwandani haigawiwi bei, mnaitengea akiba ya gharama. Huduma ya fundi kuja kusafisha na kukagua ndiyo ahadi inayojitegemea.

Mnyalu_Halisi:
Kamwene wadau. Naunga mkono hoja ya WhatsApp, tena nakazia. Niko Iringa, na watu wa mauzo wa huku kwetu wana msemo wao: "msimu ujao tutakuja kukagua bure." Kwenye mkataba hakuna neno hilo, ila kila mteja anaambiwa na kweli wanaenda. Ikishakuwa mazoea, mteja anaitegemea, nayo ni ahadi inayostahili kipande chake cha bei. Waite watu wa mauzo mapema, wakae na wewe meza moja. Na kama kamisheni yao inalipwa kwa ankara zilizotoka, hilo nalo mlijadili.

Swali langu dogo: sisi mwaka wetu wa hesabu unaanza Julai, kwetu kanuni inaanza lini?

Ledja_Kuu:
Basi kwenu inaanza 1 Julai 2027. Kuanza mapema pia inaruhusiwa.

Mama_Ritani:
Jamani msisahau TRA. Mkulima akitanguliza pesa, risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) inatoka siku hiyo hiyo. VAT inadaiwa pale kinapotangulia kimojawapo kati ya ankara, malipo au kumpelekea mteja bidhaa. Lakini kwenye vitabu hayo si mauzo bado, ni deni lenu kwa mkulima mpaka apokee mzigo. Kwa hiyo mauzo ya kwenye ritani ya VAT na mauzo ya kwenye hesabu hayatalingana, na hakuna kosa hapo. Mwanangu, tengeneza jedwali la kuyapatanisha kila mwezi. Ukisubiri barua ya kuulizwa tofauti ndipo uanze kutafuta, utalala ofisini.

Kwenye mali kauli jiulize: kipuri kisiponunuliwa, mwenye duka ana haki ya kukirudisha bila kudaiwa? Kama anayo, na analipa akishauza tu, hicho kipuri bado ni stoo yenu japo kiko kwenye rafu yake Tunduma. Mnaingiza mauzo akishauza. Hapo mtahitaji taarifa ya kila mwezi kutoka kila duka.

Mhasibu_Mafiati:
Ndaga fijo, wakuu, na asante sana mama. Mkurugenzi sasa amekubali tuanze na mikataba, ila ana hofu na benki. Mkopo wetu una sharti la kiwango cha faida ya mwaka. Halafu pampu zilizouzwa mwaka huu, ambazo huduma yake itavuka kuingia 2027, nazifanyaje?

Ledja_Kuu:
Benki waendeeni kabla, na hesabu mkononi. Piga mahesabu ya mwaka huu kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya, uwaonyeshe: pesa iliyoingia haibadiliki hata senti, kinachosogea ni muda wa kuiita mapato. Ombeni sharti lipimwe upya. Meneja wa mkopo anasikiliza zaidi akiambiwa kabla ya mwaka kufungwa.

Kuhusu hizo pampu, kaa na mkaguzi mkubaliane njia ya mpito, na makubaliano yaandikwe. Vyovyote mtakavyoamua, utahitaji orodha ya mikataba yote itakayokuwa hai 31 Desemba 2026: jina la mteja, tarehe ya kufunga, bei, miezi ya huduma iliyobaki. Anza na Mbarali, ndiko kwenye pampu nyingi. Mafundi wana daftari lao la kazi za kufunga? Tarehe za kweli utazipata humo. Ankara zitakudanganya.

Mhasibu_Mafiati:
Wanalo, liko kwenye gari la mafundi. Kesho asubuhi nalifuata kabla hawajatoka kwenda Igawa.