Biskuti za Girl Scouts: ni boksi lipi linalostahili dola 6, na zipi za dukani zinazolingana nazo?

mama_wa_tanga (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, naomba msaada wa watu waliolelewa na chai kama nilivyolelewa mimi. Binti yangu amejiunga na Girl Scouts, chama cha skauti wa kike wa Marekani ambacho huuza biskuti ili kugharimia shughuli zake, na tangu Januari nyumba yetu imegeuka ofisi ya mauzo: kuna fomu ya oda, kuna ukurasa wake wa mtandaoni ambao natakiwa kuwatumia jamaa na wafanyakazi wenzangu, na kuna zamu za kusimama mezani mbele ya supamaketi Jumamosi asubuhi huku theluji ikidondoka. Boksi moja hapa kwetu ni dola 6. Sina kinyongo na bei hiyo, kwa kuwa naelewa kwamba ndani yake kuna mchango, lakini kila ninapompigia simu mtu wa kwetu ili nimwuzie, swali la kwanza analoniuliza ni zipi tamu, nami ninakosa la kumjibu. Nimezoea biskuti za kuchovya, na nyingi kati ya hizi zimevishwa chokoleti pande zote, jambo linalonifanya nihisi kwamba aliyezibuni hakuwa na kikombe cha chai mbele yake.

Naomba basi mnieleze mambo mawili. Kwanza, kwa mtu aliyekulia vileja, visheti na kashata, ni aina gani atakayoifungua leo na kesho akarudi kununua boksi la pili? Pili, wapo wanaodai kwamba biskuti hizohizo zinauzwa madukani kwa bei nafuu zikiwa na majina mengine. Je, ni kweli, na kama ni kweli, tofauti iko wapi? Mama yangu, ambaye anaishi nasi, ameongeza swali la tatu ambalo hakuombwa: anashangaa kwamba tulivuka bahari ili mjukuu wake aje kutembeza biskuti mitaani. Hilo niachieni mwenyewe.

mvita_baridini (Minneapolis)

Dada wa Tanga, nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo ninaloliweza. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Thin Mints, zile nyembamba za chokoleti na mnanaa ambazo huuzwa kuliko aina nyingine zote, zina mwenzake dukani aitwaye Grasshopper, wa chapa ya Keebler. Samoas, ambazo hushika nafasi ya pili kwa mauzo, zina mfano wake katika Coconut Dreams za Keebler haohao, na pia katika biskuti za karameli na nazi ambazo duka la Aldi huziuza kwa jina la Benton's. Mwaka 2019 kampuni ya Kiitaliano ya Ferrero ilinunua kutoka kwa Kellogg biashara yake ya biskuti, na katika mkataba huo zilikuwamo Keebler pamoja na Little Brownie Bakers, ambayo ni mojawapo ya kampuni mbili tu zenye leseni ya kuoka biskuti za Girl Scouts. Kwa hiyo unapochagua kati ya Samoas na Coconut Dreams, huenda unachagua kati ya mifuko miwili ya tajiri mmoja.

Sasa tazama hesabu. Boksi la Samoas lina biskuti 14 au 15, kwa hiyo kwa dola 6 kila moja inakugharimu karibu senti 40. Boksi la Thin Mints lina biskuti kama 30, yaani senti 20 kwa kila moja. Kuhusu mchango wenyewe, katika kikundi alichokuwamo mpwa wangu, fungu la wasichana halikufika dola moja kwa boksi. Kinachosalia humlipa mwokaji na kuliendesha baraza la eneo, ambalo ndilo lenye kambi na mafunzo. Ushauri wangu, ambao shemeji yangu huuita wa kibahili, ni kwamba ununue za kula dukani, kisha umpe mtoto fedha taslimu kwa ajili ya kikundi chake, kwani dola unayoitoa kama mchango huingia nzima.

Mkiniuliza mimi ninayoipenda, si hizo wala hizi. Nendeni kwenye rafu ya vyakula vya Kimeksiko au vya Kilatini, mtafute biskuti za María za Goya au za Gamesa. Ni Marie ileile tuliyokua nayo Mombasa. Ilianzia London mwaka 1874, kampuni ya Peek Freans ilipoioka kwa heshima ya harusi ya Maria Alexandrovna, binti wa Tsar wa Urusi, aliyeolewa na mtoto wa Malkia Victoria. Wahispania wakaipokea kama yao, nasi tukaipata kwa njia ya Waingereza. Bei yake ni ndogo, haina mbwembwe, na ukiichovya hukupa muda wa kuifikisha mdomoni.

uvira_louisville (Louisville, Kentucky)

Kaka wa Mvita, hesabu yako ni sahihi, ila umehukumu kwa pochi zaidi kuliko kwa ulimi. Mimi ninaishi Louisville, mji wenye makao ya hiyo Little Brownie Bakers na ambao pia una wasemaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, na biskuti hizi zimekwisha kuwa sehemu ya mazungumzo yetu baada ya ibada kila mwanzo wa mwaka. Naomba niongeze jambo ambalo dada wa Tanga anapaswa kulijua kabla ya kumshauri mteja yeyote.

Kampuni ya pili inaitwa ABC Bakers. Kila baraza la Girl Scouts huingia mkataba na kampuni moja kati ya hizo mbili, kwa hiyo mteja hachagui mwokaji. Anapata yule aliyechaguliwa na baraza la mahali anapoishi muuzaji. Ndiyo maana biskuti ya nazi na karameli inaitwa Samoas kwa wateja wa Little Brownie, na Caramel deLites kwa wateja wa ABC, na ile ya siagi ya karanga iliyovikwa chokoleti ni Tagalongs kwa hao na Peanut Butter Patties kwa hawa. Nimezila zote kwa sababu nina dada yangu katika jimbo jingine, na kwa maoni yangu hazilingani. Samoas ina karameli nyingi zaidi na nazi iliyokaangwa ikakolea, wakati Caramel deLites inakuonjesha biskuti yenyewe kwanza. Thin Mints za ABC nazo ni kavu zaidi na huvunjika kwa mlio, ilhali za Little Brownie zina chokoleti laini zaidi.

Kwa mtu wa kashata, bila shaka yoyote jibu ni Samoas. Mle ndani kuna nazi ya kweli unayoitafuna, na karameli inayoishikilia kama sukari iliyochemshwa inavyoshikilia kashata. Nakala za dukani zinaiga sura, yaani lile tundu la katikati na michirizi ya chokoleti juu, lakini nazi yake imesagwa mno na karameli imepungua, na hapo ndipo senti zako 40 zinapoonekana zilikwenda wapi. Usizile na chai ya maziwa yenye sukari, kwa kuwa tamu juu ya tamu huchosha. Zile na kahawa chungu, au na chai ya rangi isiyotiwa sukari.

Thin Mints mtazigombania nyumbani. Wazee wetu wengi huzikataa kwa sababu ya mnanaa, ambao kwao ni wa chai au wa dawa ya meno, lakini watoto waliozaliwa huku hawataki nyingine. Wamarekani wengi huziweka kwenye friza na kuzila zikiwa na baridi kali, na baada ya kujaribu nimekubali kwamba wana haki, kwani mnanaa hutulia. Viungo vyake havina maziwa wala mayai, jambo linalowafaa wale ambao maziwa huwasumbua tumbo. Kuhusu Tagalongs na Do-si-dos, ambazo nazo ni za siagi ya karanga, sisi wa Kivu tunapenda karanga na sina la kuwapinga, lakini msimpe mtoto azipeleke shuleni bila kuuliza, kwa sababu kuna madarasa ambamo karanga zimekatazwa kabisa kutokana na mzio wa mwanafunzi mmoja.

mwokaji_mkunazini (Toronto)

Nimefurahi kuona hoja zenu, lakini nashangaa kwamba hakuna hata mmoja aliyezungumzia Trefoils, aina ya Girl Scouts isiyovikwa chokoleti, ambayo ndiyo ya chai na ndiyo iliyo karibu zaidi na chimbuko la biashara yote hii.

Mwaka 1917, miaka 5 baada ya Juliette Gordon Low kuanzisha chama hicho mjini Savannah, kikundi cha wasichana wa Muskogee, Oklahoma, kilioka biskuti majumbani na kuziuza katika mgahawa wa shule ya sekondari ili kugharimia shughuli zao. Mwezi Julai 1922 jarida la chama likachapisha maelekezo ya kuoka yaliyoandikwa na Florence E. Neil, kiongozi wa Chicago. Alikadiria kwamba viungo vya dazeni 6 hadi 7 vingegharimu senti 26 hadi 36, na akapendekeza kila dazeni iuzwe kwa senti 25 au 30. Yaani dazeni moja ilirudisha karibu mtaji wote, na zilizobaki zikawa faida ya kikundi! Biskuti za kiwandani ziliingia baadaye, Philadelphia mwaka 1934, na miaka 2 baadaye zikaenea nchi nzima kwa utaratibu wa leseni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sukari, unga na siagi vilipoadimika, wasichana waliuza kalenda badala yake.

Maelekezo ya Bi Neil yalitaka kikombe kizima cha siagi na kikombe cha sukari kwa vikombe viwili vya unga, pamoja na mayai mawili, vijiko vikubwa viwili vya maziwa, kijiko kidogo cha chumvi, kijiko kidogo cha vanila na vijiko vidogo viwili vya beking pauda. Trefoils za leo, zilizorithi umbo la majani matatu, zinatumia mafuta ya mimea pale ambapo zamani palikuwa na siagi, na mtu aliyezoea vileja vya unga wa mchele, samli na iliki hahitaji kuambiwa, harufu inamtosha. Kwa hiyo kama shabaha ni biskuti ya siagi tu, bila mchango, hapa duka linashinda: Walkers ya Scotland, iliyoanza mwaka 1898, ina unga, siagi, sukari na chumvi, basi. Ni ghali kwa gramu, lakini unajua unacholipia. Kwa chai ya viungo napendekeza pia Lotus Biscoff ya Ubelgiji, ambayo mdalasini wake hauipingi tangawizi. Tahadhari moja: Biscoff ikichovywa huanguka kikombeni upesi.

Hapa Kanada tunazo za kwetu. Girl Guides, skauti wa kike wa huku, walianza mwaka 1927 katika mji wa Regina, na zile za chokoleti na vanila ambazo nimekuwa nikinunua kwa miaka mingi ni nzuri kwa watoto, ila kwangu hazifiki popote karibu na Samoas. Katika hilo naungana na mwenzetu wa Louisville.

Dada wa Tanga, kama una Jumapili moja ya nafasi, oka hiyo ya 1922 pamoja na binti yako. Unga ukishakandwa uupumzishe kwenye friji kwa saa moja au zaidi, kisha usukume, ukate, unyunyize sukari juu, na uoke kwa nyuzi 375 za Fahrenheit, ambazo ni karibu 190 za Selsiasi, kwa dakika 8 hadi 10. Mimi huongeza iliki, na Bi Neil hayupo wa kunikataza.

mama_wa_tanga

Shikamoo, Bi, na ahsanteni nyote. Nimeuliza, na mwokaji wa baraza letu ni Little Brownie, kwa hiyo nitawaelekeza wapenda nazi kwenye Samoas, na wa chai nitawaambia ukweli kuhusu Trefoils, kwamba ni nzuri ila siagi waisahau. Kuna jambo moja limebaki. Wateja wangu wengi watarajiwa ni watu wa msikitini, na wameanza kuniuliza kuhusu uhalali wa viungo. Niwajibu nini?

mvita_baridini

Waambie kwamba aina zote zina uthibitisho wa kosher, yaani zinafuata sheria za vyakula za Kiyahudi, na Wayahudi hawana mzaha na nguruwe, kwa hiyo mafuta ya nguruwe hayamo. Ila alama hiyo haikuhakikishii kwamba hakuna kileo katika viungo vya kuongeza ladha, na kuhusu vanila wanavyuoni wamegawanyika, hivyo kila mmoja amwulize anayemtegemea. Piga picha upande wa boksi wenye viungo na uitume pamoja na fomu ya oda. Mteja akisoma mwenyewe haji kukulaumu.

Na wale wa majimbo ya mbali wanaotaka kununua kupitia ukurasa wa binti yako, wape tahadhari kwamba gharama ya kusafirisha hulipwa na mnunuzi, na kwa boksi chache inaweza kuuma kuliko biskuti zenyewe. Heri jamaa wa mji mmoja wakusanye oda yao pamoja. Wasiotaka kabisa sukari nyumbani wanaweza kununua boksi za kutolewa msaada, ambazo baraza huzipeleka kwa wanajeshi au kwenye ghala za chakula, na mauzo hayo huhesabiwa kwa mtoto vilevile.